Programu ya Marekani ya vivuko vya reli: maswali mnayoniuliza hapa Malindi

Nafundisha udereva hapa Malindi. Kabla ya kushika chaki niliendesha lori la mizigo miaka kumi na minne, Mombasa kwenda bara na kurudi. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye somo la vibao vya barabarani, niliwagusia wanafunzi habari ya programu ya simu ambayo serikali ya Marekani iliwatengenezea raia wake ili wajue mahali reli inapokata barabara. Nilidhani ni maneno ya dakika tano. Mjadala ukatoka darasani, ukahamia steji, ukafika barazani kwa wazee, na tangu siku hiyo simu yangu haipumui. Wengine wameipenda, wengine wameikasirikia, na wengi wameielewa vibaya. Kwa kuwa maswali ni yaleyale, nimeona niyajibu mahali pamoja. Nayajibu kwa uchungu kidogo, maana mimi mwenyewe reli ilibakisha hatua mbili kunichukua. Kisa hicho nitakieleza mbele.

Hiyo programu ni ipi hasa, na inafanya nini?

Inaitwa Rail Crossing Locator. Ilitolewa Juni 2013 na FRA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa reli chini ya Wizara ya Uchukuzi. Ilianza kwenye iPhone, ya Android ikafuata baadaye. Ukiifungua unapata ramani. Unaweza kuandika anwani, au kuiruhusu ijue ulipo, nayo inakuonyesha vivuko vilivyo karibu nawe, yaani zile sehemu ambapo reli na barabara zinakutana usawa mmoja, bila daraja. Ukigusa kivuko kimoja unasoma habari zake: kama ni cha umma au cha mtu binafsi, kama kina geti na taa au kibao peke yake, na ajali zilizowahi kuripotiwa hapo. Ukiona habari iliyoandikwa hailingani na unachokiona kwa macho, unaweza kuwaarifu.

Habari zenyewe hazikuwa mpya. Serikali ile ina daftari la taifa la vivuko, na vivuko vya nchi nzima ni zaidi ya 200,000. Kilichofanyika 2013 ni kulitoa daftari kabatini na kulitia mfukoni mwa mwananchi.

Kwa hivyo nikikaribia reli inapiga kelele kwamba treni yaja?

Hapana, na nusu ya ubishi wote wa steji umetokana na swali hili. Programu haijui treni iko wapi. Inajua kivuko kiko wapi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya anaweza kujiua. Kijana mmoja wa tuktuk aliniambia, "Mwalimu, kama simu imenyamaza si nipite tu?" Nilimshika mkono nikamwambia: ukimya wa simu si ruhusa ya kupita. Hata kwenye kivuko chenye taa na geti, macho na masikio ni yako.

Kinachojua kwamba treni inakuja ni reli yenyewe. Umeme mdogo hupitishwa kwenye vyuma viwili vya reli. Treni ikiingia kipande hicho, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaunganisha vile vyuma, umeme unakatiza njia, na hapo taa zinawaka, kengele inalia, geti linashuka. Kanuni ya Marekani inataka onyo hilo lianze angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Sekunde 20 ni muda wa kusema bismillahi, kutazama kushoto na kulia, na kusimama. Hazitoshi kushindana na treni.

Watu waliipokeaje?

Nianze na watu wangu wa hapa, maana hao nimewasikia kwa masikio yangu.

Vijana waliipenda papo hapo. Kwao kila kitu kinachoingia kwenye simu ni maendeleo. Madereva wa zamani walikunja uso, na hoja yao haikuwa ya kijinga: dereva anayehitaji kuambiwa na simu kwamba mbele kuna reli amekwisha kupotea. Dereva mmoja wa basi la Lamu, mtu mzima ninayemheshimu, alisema barabara imejaa watu wanaotazama viganja vyao, na sasa serikali inawaongezea sababu. Mama mmoja anayesomea leseni ili aendeshe gari la shule aliuliza swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: "Mwalimu, nitaikumbuka kuifungua saa ngapi?"

Hilo la huyo mama ndilo lililojitokeza Marekani kwenyewe. Kwa upande wa kule mimi huangalia kilichofuata kuliko kilichosemwa. Mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya programu kutoka, mwezi wa Februari ulikuwa mbaya. Tarehe 3, huko Valhalla katika jimbo la New York, treni ya abiria iligonga gari lililokuwa juu ya reli kwenye foleni ya jioni. Walikufa watu sita, dereva wa gari na abiria watano wa treni. Tarehe 24, huko Oxnard, California, kabla hakujapambazuka, dereva mgeni wa njia ile, mwenye uchovu mwingi, akifuata maelekezo ya ramani ya simu, alikata kulia mapema. Barabara aliyoitafuta ilikuwa mbele kidogo tu. Yeye akaingia juu ya reli na pikapu yake na trela yake, akakwama. Treni ikaja. Dereva wa treni alifariki siku chache baadaye kwa majeraha.

Mtazame huyo wa Oxnard. Simu alikuwa nayo. Ramani ilikuwa imefunguliwa na inaongea. Serikali nayo ilikuwa na daftari linaloonyesha kivuko kile. Lakini daftari lilikuwa kwenye programu moja na sauti ilikuwa kwenye programu nyingine.

Ndipo mwaka huohuo FRA ikawaomba wenye ramani, Google, Apple, Garmin, TomTom na wengine, watie vivuko ndani ya ramani zao ili sauti ileile inayosema kata kulia iseme pia mbele kuna reli. Juni 2015 Google ikakubali. Desemba 2016 bodi ya uchunguzi wa ajali za uchukuzi, NTSB, ilipomaliza kuichambua ajali ya Oxnard, iliyapelekea makampuni zaidi ya kumi pendekezo hilohilo kwa maandishi. Mambo yakaenda polepole kuliko wengi walivyotaka. Waze, programu nyingine ya ramani ya simu, ilianza kuwaonya madereva wake kuhusu vivuko mwaka 2020. Hesabu mwenyewe: kutoka 2013 hadi 2020 ni miaka saba, ndipo onyo likafika pale ambapo dereva tayari anasikiliza.

Basi nikiulizwa wananchi waliipokeaje, nasema: walioipakua walipata daftari zuri la kusoma wakiwa nyumbani. Waliohitaji kuokolewa barabarani walihitaji kitu ambacho hawatakiwi kukikumbuka.

Si ndiyo itawafanya madereva washike simu wakiendesha?

Ikitumiwa vibaya, ndiyo. Hapa Kenya kushika simu ukiendesha ni kosa kisheria, na majimbo mengi ya Marekani yanakataza vilevile. Programu ya namna hii ni ya kutazama kabla hujawasha injini: unapanga safari, unatazama njia, unajua kwamba baada ya kijiji fulani reli inakata barabara. Sisi wa malori tulifanya hivyo kwa mdomo. Kabla ya kupita njia mpya ulimwuliza mwenzako aliyeipita, naye akakwambia kila kona na kila bonde. Anayeifungua programu huku gurudumu linazunguka ameitoa kwenye kazi yake.

Nimesikia kila kivuko kule kina namba. Namba ya nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu namba ndiyo roho ya jambo hili, kuliko programu yenyewe.

Binamu yangu anaendesha lori Texas, jimbo lenye vivuko vingi kuliko yote ya Marekani. Nilimwomba anipigie picha akisimama karibu na kimojawapo. Akanitumia. Nilitarajia bango kubwa. Kumbe ni kibao cha buluu kisichozidi ukubwa wa trei ya chai, kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye nguzo ileile yenye alama ya X inayoonyesha kivuko. Kina maandishi meupe: ukiwa na dharura au tatizo, piga namba hii ya simu. Chini yake kuna tarakimu sita na herufi moja. Hiyo ndiyo namba ya kivuko. Hakuna kivuko kingine nchi nzima chenye namba hiyo.

Sasa fikiria gari limekwama juu ya reli usiku, wewe ni mgeni, hujui barabara inaitwaje. Unapiga simu, unasoma tarakimu sita na herufi. Anayepokea anakaa kwa wenye reli, na kutoka kwenye namba hiyo peke yake anajua ni njia ipi, ni kilomita ya ngapi, ni treni zipi ziko njiani. Anaweza kumwita dereva wa treni kwa redio. Kanuni ya kuwataka wenye reli wapokee simu hizo na waweke vibao ilitolewa 2012, mwaka mmoja kabla ya programu. Programu nayo inakubali utafute kwa namba hiyohiyo. Vitu hivyo viwili ni mtu na ndugu yake, ila kibao hakihitaji bando wala betri.

Na sasa kisa changu. Ilikuwa saa kumi alfajiri, nikitoka bara na shehena, nikiwa kwenye barabara ya vumbi inayokata reli ya zamani. Madirisha tumeyafunga kwa sababu ya vumbi la lori lililotutangulia, injini inanguruma, redio iko juu. Kibao cha X kilikuwepo, lakini mwarobaini ulikuwa umekua ukakimeza chote. Utingo wangu ndiye aliyeona. Alipiga mlango kofi moja akasema, "Treni, mzee! Treni!" Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki za hewa zikalia, shehena ikasukuma, lori likasimama bampa ikiwa hatua mbili kutoka kwenye chuma. Mwanga ukatupita usoni, halafu mabehewa ya mizigo moja baada ya jingine. Niliyahesabu hadi ishirini na moja nikaacha, kwa sababu mdomo ulikuwa umekauka na sikuweza kuendelea.

Treni ilipokwisha tulishuka tukakatakata matawi kwa panga la utingo, kibao kikaonekana. Nilitaka kumwambia mtu mwenye reli kwamba pale pana hatari. Sikujua nimpigie nani. Na hata ningempata, ningemwambia ni wapi? Pale penye mwarobaini? Miarobaini iko kutoka Mombasa mpaka bara. Nililala na jambo hilo kifuani miaka mingi, mpaka siku niliyoiona ile picha ya kibao cha buluu. Nilikaa nayo mkononi nikiitazama, chai ikapoa.

Lakini mtu mwenye macho mazima anagongwaje na treni? Kitu kikubwa hivyo!

Ukubwa wake ndio unaodanganya. Nenda ufukweni saa za alasiri, tazama meli ya mizigo ikipita mbali. Utasema imetia nanga. Mashua ya kasi iliyo karibu utaiona inaruka, ilhali huenda meli ina mwendo uleule. Jicho hukiona kitu kikubwa kama kinakwenda polepole. Na treni inapokujia ukiwa karibu na njia yake, huioni ikihama kutoka kushoto kwenda kulia, unaiona ikikua tu, taratibu, taratibu, halafu ghafla imejaa. Madereva wengi waliogongwa hawakuwa vipofu. Waliiona wakadhani wana nafasi.

La pili ni breki. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 90 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, hata dereva wake akivuta breki ya dharura sekunde ileile aliyokuona. Kilomita moja na nusu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Na haiwezi kukukwepa. Kwa hivyo, dereva wa treni akishakuona juu ya reli, kazi iliyobaki ni kupiga honi.

La tatu ni mazoea. Mtu amepita kivuko kimoja miaka kumi hajakutana na treni. Shingo inaacha kugeuka. Na la nne, ambalo wenye haraka hulisahau, ni treni ya pili: pale penye njia mbili, moja ikishapita, nyingine huwa imejificha nyuma yake ikitoka upande wa pili.

Gari likizima au kukwama juu ya reli nifanye nini?

Wote washuke mara moja, hata kama treni haionekani. Simu ya kuita msaada baadaye, mizigo baadaye, viatu vya mtoto baadaye. Ondokeni juu ya reli kisha mwende mbali. Kama treni inaonekana inakuja, kimbieni kando ya reli mkielekea upande inakotoka, kwa mshazari, mkijitenga na chuma. Najua inasikika kinyume. Sababu ni kwamba treni ikigonga gari, vyuma na vioo hurushwa mbele, upande treni inakokwenda. Anayekimbia upande huo hufukuzwa na mabaki ya gari lake mwenyewe.

Mkishakuwa salama, Marekani unapiga namba ya kibao cha buluu. Hapa kwetu unapiga 999 au 112, na unaeleza mahali kadiri uwezavyo.

Na kama geti limekufungia ndani, moja mbele na moja nyuma, liendee ulivunje. Wanafunzi wangu hushtuka nikisema hivi. Mageti ya Marekani hutengenezwa yavunjike kwa gari. Ubao ni rahisi kuliko roho.

Malindi hakuna reli. Haya yatuhusu nini?

Ni kweli, huku kwetu hakuna hata chuma kimoja cha reli. Lakini leseni ninayokufundishia haina mpaka Mtwapa. Leo unaendesha tuktuk Malindi, kesho umepata kazi ya lori Changamwe, kesho kutwa uko njia ya Kisumu. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901, na mpaka leo inakata barabara usawa mmoja sehemu nyingi za nchi. Nairobi, tarehe 30 Oktoba 2013, basi la abiria waliokuwa wakienda kazini asubuhi liligongwa na treni kwenye kivuko cha Mutindwa, wakafa zaidi ya watu kumi. Ni mwaka uleule Wamarekani walipotoa programu yao.

Ndiyo maana kwenye mtihani naulizia sana ile pembetatu yenye picha ya geti na ile yenye picha ya garimoshi. Ya geti inasema mbele kuna kivuko kinacholindwa. Ya garimoshi inasema hakilindwi, unajilinda mwenyewe. Wanafunzi wa Malindi huziruka wakidhani haziwahusu.

Na reli ya SGR, ina vivuko?

Barabara kuu haiikati. Reli ile mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 31 Mei 2017 kutoka Miritini, imejengwa kwenye tuta na madaraja, magari yanapita chini yake au juu yake. Hata tembo wa Tsavo wametengenezewa mapito ya kupitia chini. Huo ndio ulinzi bora kuliko programu yoyote: gari na treni zisikutane kabisa. Hatari inayobaki ni ya watu wanaoruka ua kukatiza kwa miguu, na hao nawasihi waache.

Mimi ni wa Lamu. Je, reli ya LAPSSET ikija?

Swali hili lililetwa na nahodha mmoja aliyekuja Malindi kununua injini ya boti. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Sisi wa kwetu ni punda na mashua. Treni tutaijulia wapi?"

LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli, ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, na ndani ya mpango wake mna reli ya kutoka bandari ya Lamu kwenda Isiolo, kisha kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 20 Mei 2021. Barabara ya Garsen imetiwa lami. Reli bado iko kwenye karatasi.

Mimi naona hiyo ni nafasi, kwa maana nzuri. Kitu kilicho kwenye karatasi hurekebishwa kwa kalamu. Kikishamwagwa zege hurekebishwa kwa mabilioni. Watu wa Lamu Kisiwani hawataiona treni mlangoni kwao, lakini wa Mokowe, wa Hindi, wa Witu, na wafugaji wanaohamisha ng'ombe kufuata maji, hao popote itakapopita itakata njia zao. Vikiitishwa vikao vya wananchi, nendeni na swali moja lililo wazi: hapa kwetu reli itapita juu, chini, au usawa mmoja na njia yetu? Wakijibu usawa mmoja, ulizeni la pili: geti na taa, au kibao tu? Na la tatu: kibao kitakuwa na namba gani ya simu, na anayepokea usiku ni nani? Tembo wa Tsavo hawakuhudhuria kikao na bado walipewa njia. Mfugaji na mtoto wa shule wana haki hiyo zaidi.

Nahodha aliniomba nimwandikie hayo maswali matatu kwenye karatasi. Niliyaandika nyuma ya risiti ya injini yake.

Basi Kenya nayo itengeneze programu kama ile?

Siikatai, lakini si ya kwanza kwenye orodha yangu. Ningeanza na kuhesabu vivuko vyote na kukipa kila kimoja namba yake. Kisha kibao chenye namba hiyo na namba ya simu inayopokelewa saa zote, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kisha daftari hilo wapewe wenye ramani ambazo madereva tayari wanazitumia, bure, bila kusubiri wengine wafe. Programu ya serikali ije baada ya hapo, kwa walimu wa udereva, wapangaji wa safari, wenye mabasi ya shule, na waandishi wa habari wanaotaka kujua kivuko kipi kinaua.

Wengi wa ninaowafundisha wana simu za kabambe, zile ndogo za vibonye. Wanaotembea kwa miguu kuvuka reli, wengi wao hawana kabisa. Kibao kinawasemesha wote.

Na daftari lisiposasishwa ni uongo ulioandikwa vizuri. Marekani ilibidi itoe kanuni mwaka 2015 kuwalazimisha wenye reli kupeleka taarifa mpya za vivuko vyao angalau kila miaka mitatu. Hapa tungelifanya daftari mara moja, tukapiga picha, tukalisahau. Nasema hivyo kwa kuwa nimeona vibao vingapi vimemezwa na miti.

Inatumia bando? Inanifuatilia nilipo?

Ramani yoyote ya mtandaoni hutumia bando. Ukiogopa kujulikana ulipo, ikatalie simu ruhusa ya mahali na utafute kwa anwani au kwa namba ya kivuko.

Tangu waanze juhudi hizi, ajali zimepungua kweli?

Zimepungua sana, ila programu si ya kupewa sifa hiyo. Mwaka 1972 kulikuwa na migongano kama 12,000 kwenye vivuko vya Marekani. Mwaka huo ndipo kampeni ya Operation Lifesaver ilipoanza katika jimbo la Idaho, ya kuwafundisha watu mashuleni na vijijini. Siku hizi ni kama 2,000 kwa mwaka. Kilichopunguza ni kufundisha bila kuchoka, mageti na taa, kufunga vivuko visivyohitajika, na kujenga madaraja. Bado wanakufa zaidi ya watu 200 kwa mwaka, na hao ndio waliowafanya watafute njia ya simu.

Mwanangu anaendesha lori kule Marekani. Nimwambie nini?

Bi mkubwa, umeniuliza mara mbili na mara zote mbili kulikuwa na watu, nikakujibu kwa haraka. Nikujibu sawasawa.

Mwambie asianze kuvuka reli mpaka aone upande wa pili kuna nafasi ya lori lote na trela yake. Foleni ikisimama akiwa katikati, hana pa kwenda. Mwambie akivuka asibadilishe gia mpaka trela imalize kupita, lori lisije likamzimia juu ya chuma. Akibeba mafuta au kemikali, sheria ya kule inamtaka asimame kabla ya reli hata kama hakuna treni. Asione haya wanaomfuata wakipiga honi. Kama trela yake ni ya chini, ile inayobeba mashine, ajihadhari na vivuko vilivyoinuka katikati, tumbo la trela hukaa juu ya reli na magurudumu yakabaki hewani. Afungue dirisha na azime redio anapokaribia, baridi isimzuie. Programu aipakue na atazame njia yake usiku kabla ya safari, na ramani anayoiendeshea aiwashe ile sehemu ya kuonya vivuko.

Na wewe, ukitaka kumsalimia, kumbuka saa tatu usiku ya Malindi kwake ni mchana na huenda yuko njiani. Usimpigie. Mtumie ujumbe, atakupigia akishaegesha.